Lokole Haikubali Jina Tupu

Wajukuu zangu, na ninyi watoto wa wenzangu mnaosoma chuo na kuvaa kofia za vyama, leo nina hasira na sitaificha. Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Mangobo aliingia uani kwangu, akavuta kiti kabla sijamkaribisha, akaniuliza, "Koko," ndivyo tunavyowaita babu hapa, "weye uko wa camp gani?" Nikamjibu kwamba mimi nilikaa kambi ya wafanyakazi wa mtoni, nyumba iliyo karibu na bomba. Hakucheka. "Hapana, Koko. Politiquement. Siye tuko centre-gauche. Ni ideal ya bakoko yetu, bale ba indépendance. Tunaendelesha kazi yao."

Nikamuuliza swali moja tu. Kesho mbebaji akivunjika mguu pale bandarini, ninyi wa centre-gauche, wa kati-kushoto, mtamfanyia nini? Akatoa simu. Akasogeza kidole, akasogeza tena, halafu akaniambia programu ya chama bado haijatoka, ila kofia zimeshafika na wimbo upo tayari. Mwaka juzi kijana huyuhuyu alinijia na kofia ya rangi nyingine, na siku hiyo alikuwa wa droite, yaani wa kulia. Nilipomkumbusha, alisema siasa inabadilika. Mke wangu aliona mishipa ya shingo yangu ikasimama akaniletea maji. Sikumfukuza kijana, maana baba yake ni mtu wangu, lakini tangu siku hiyo nanung'unika peke yangu kama chungu cha maharage. Basi nimeona afadhali niandike.

Mimi sikuwa mwanasiasa. Nilikuwa mpiga lokole.

Wengi wenu mmeiona lokole kanisani tu, imewekwa pembeni kama pambo, mnaipiga picha na kuondoka. Zamani mji huu ukiitwa Stanleyville, lokole ilikuwa kazi ya mshahara. Ni ngoma ya gogo la mti mwekundu, mgumu, lililochimbwa ndani kupitia mpasuo mmoja mrefu. Upande mmoja wa mpasuo ubao ni mnene na sauti yake ni nzito, upande wa pili umechongwa ukawa mwembamba na sauti yake iko juu. Kampuni moja ya meli za mtoni ilituajiri wawili: mimi, kijana niliyekuwa ndiyo kwanza nimeoa, na Papa Lokangu wa Yanonge, ambaye ndiye aliyenifundisha. Meli ikikaribia, sisi ndio tuliita wabebaji. Wengine walikaa Lubunga, ng'ambo ya mto, wengine Tshopo, wengine Kabondo, na hapakuwa na simu wala pikipiki ya kuwafuata. Tukipiga, mtu anaacha chai yake mezani na kuteremka.

Niwape ujuzi kidogo, hata kama hamtautumia. Vichwa vya fimbo hufungwa mpira wa mtini, ule mbichi wa msituni, la sivyo sauti inakuwa kavu na mti unaumia. Lokole haiachwi juani, itapasuka. Mpasuo wake huelekezwa mtoni kwa sababu sauti inatembea vizuri juu ya maji kuliko juu ya mabati. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mtoni, utasikika mbali kuliko saa sita mchana hata ukipiga mpaka mabega yakatike. Na usipige ukiwa na hasira, maana mkono wa hasira unakimbia na maneno yanagongana. Sheria hiyo ya mwisho niliivunja, na mtajua kwa nini.

Lakini sheria kubwa ni hii. Lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, zinazofuata kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yetu. Ukipiga neno fupi peke yake, msikilizaji hawezi kujua unataja nini, kwa kuwa maneno mengi yana mapigo hayohayo. Kwa hiyo kila kitu na kila mtu hupewa sentensi yake, ndefu, inayosema yeye ni wa namna gani au anafanya nini. Meli tuliipa "nyumba ya chuma inayopanda mto bila kasia". Mzungu wa mizani, aliyekuwa anasalimu bila kumtazama mtu, alikuwa "yule anayetazama mshale hatazami uso wako". Yeye mwenyewe hakujua. Alipita kila asubuhi anatuambia bonjour, na lokole inamtangaza hivyo kwa kingo zote mbili za mto.

Ukikata sentensi unaleta balaa. Siku moja niliambiwa niite watu kwa ajili ya daktari wa sindano. Nilikuwa na njaa, kwanga yangu ya muhogo inanisubiri, nikapiga nusu ya sentensi ya daktari nikadhani inatosha. Nusu hiyo ilikuwa sawa kabisa na nusu ya sentensi ya meli ya chumvi. Kina mama wakateremka na vikapu, wakapanga mstari kwa furaha, na mwisho wa mstari wakakuta sindano. Daktari alifurahi sana, hakuwahi kuona watu wakija kwa wingi hivyo. Mimi nilikaa siku kadhaa sipiti sokoni. Papa Lokangu alicheka mpaka kofia yake ya ukili, aliyojivunia kuliko mke wake, ikaangukia mtoni, nami ndiye niliyeogelea kuifuata.

Sasa tuje kwenye hiyo centre-gauche yenu.

Katikati ya miaka ile ya hamsini, wazungu walianza kugombana wao kwa wao juu ya shule, nani afundishe watoto, mapadri au serikali. Ugomvi ulitoka kwao Ulaya, ukapanda mto, ukafika kwa makarani wetu. Ghafla tukasikia fulani ni libéral, fulani ni socialiste. Walikuwa ni watu waliokula sahani moja jana yake. Pale kampuni kulikuwa na Alphonse, karani wa ghala, mtoto wa Maniema, shati jeupe kila siku, mtu mwema ambaye hakuwahi kumtukana mbebaji. Na kulikuwa na Gaspard, karani wa mishahara, mwenyeji wa Isangi, sauti kubwa, mkarimu, anacheka na kila mtu. Walikuwa marafiki wa kuachiana funguo za nyumba. Alphonse alifungua kikundi cha kilibéral, Gaspard naye cha kisocialiste, na mama mkwe wa Gaspard alipofariki, watu wa Alphonse walikuja kwenye matanga na birika lao la chai, wakakaa upande wao. Nilikuwepo, nikaona, nikadhani ni mchezo utakaopita.

Alphonse alikuja kwetu mchana mmoja akatukuta tunapaka lokole mafuta.

"Papa Lokangu, siku ya posho tuko na mukutano. Ninaomba lokole iite ba-libéral yote, ba huku na ba Lubunga."

"Bon," akasema Papa Lokangu. "Libéral iko mutu gani?"

"Ni mutu anapenda liberté."

"Miye pia ninapenda. Anafanyaka nini?"

"Anaamini kama kila mutu..."

"Kuamini, lokole hapana jua. Anafanyaka nini?"

Msidhani mzee alikuwa anamdhihaki karani. Tulimuuliza hivyo kila mtu aliyeleta jina jipya, hata padri tulimuuliza. Na Alphonse hakukasirika. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akawaza, akasema, "Donc niende nifikiri," akaenda. Kesho yake alirudi uso unang'aa.

Inabidi mjue jambo moja hapa. Siku zile mtu mweusi hakukaa Stanleyville bila kazi. Ukifukuzwa kazi, unarudishwa kijijini, wewe na mke na watoto, na watoto wanaacha shule. Mbebaji akiumia kwenye meli, mara nyingi ndivyo ilivyokwisha. Leo anabeba gunia, kesho yuko kwenye mtumbwi na godoro lake, na wenzake wanaendelea kubeba bila kugeuka, kwa sababu anayegeuka naye atapigiwa alama. Alphonse alikuwa ameyaona hayo kutoka dirisha la ghala, na yalimuuma.

"Papa," akasema, "useme hivi: batu banarudiaka nyuma kwa kuinua mutu ameanguka njiani."

Papa Lokangu akafumba macho. Akajaribu mapigo kwa vidole juu ya paja, ya juu, ya chini, ya chini, ya juu, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hiyo ni muzuri," akasema. "Hiyo itafika mbali." Nami niliipiga siku hiyohiyo. Wapigaji wa mtoni wakaidaka, wakaipokezana mpaka Yanonge, na nasikia mpaka Isangi. Kule chini hakuna aliyejua libéral ni nani wala shule ya padri inagombaniwa na nani. Walisikia tu kwamba kuna watu wanaorudi nyuma kumwinua aliyeanguka njiani, wakaona ni sentensi nzuri, wakaizoea.

Haukupita muda Gaspard akaja naye, jasho linamtoka. Anataka sentensi ya ma-socialiste. Papa Lokangu akamuuliza swali lilelile. Gaspard aliongea mpaka jua likahama ukutani: ouvrier, justice, solidarité. Tulimsikiliza kwa adabu. Kila alipoulizwa watu hao wanafanya nini, alizunguka na kuzunguka na mwisho akafika palepale: mfanyakazi akianguka, wenzake wasimwache.

"Mais hiyo," akasema Papa Lokangu, "iko tayari na benyewe. Mwende mukae pamoja na Alphonse."

"Siye na bale? Jamais."

Akaondoka amenuna, akawaambia watu wake lokole ya kampuni imenunuliwa. Siku ile nilicheka sana. Leo sicheki, kwa sababu nimeishi muda mrefu kiasi cha kuona ujinga ule ukivaa suti na kupewa gari.

Maana angalieni. Watu wale wawili walikuwa na majina mawili ya kuazima na jambo moja la kweli. Ninyi mna majina yasiyohesabika. Mna gauche, droite, centre, wazalendo, wanamageuzi, majorité, opposition, na opposition nyingine inayokula na majorité. Mtu analala yuko huku anaamka yuko kule, na nyumba yake ni ileile na njaa ya jirani yake ni ileile. Halafu mnathubutu kutuambia kwamba mnaendeleza mawazo ya wazee. Wazo gani? Hebu litajeni kwa sentensi moja yenye mtu ndani yake na kazi anayoifanya. Kampuni ilipoleta king'ora baadaye, wakaniondoa kwenye lokole na kunipeleka kufunga kamba za meli mpaka nilipostaafu, nilikichukia king'ora kile kwa sababu hiyohiyo. Kilikuwa kinalia kwa nguvu kuliko sisi, na mji mzima ulikuwa unashtuka, lakini hakikusema kinamwita nani wala kwa nini. Watu walikuwa wanakuja wote, wanasimama, wanaulizana. Mikutano yenu naiona hivyo.

Na msije mkanishika mahali hapa mkasema, "Koko anasifia zamani." Sisifii. Nitawaambia wenye mawazo walifanya nini siku walipohitajika.

Noko wangu Bolamba, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyenipokea nilipotoka Yanonge. Nilikaa kwake kabla sijapata nyumba kambini, nikala chakula chake, mke wake akanifulia. Alikuwa mbebaji, kifua kipana, maneno machache. Alikuwa na kadi ya kikundi cha Gaspard kwa sababu Gaspard alimpa siku ya mshahara, na ni nani anayemkatalia karani wa mishahara? Asubuhi moja pipa la mafuta ya mawese liliteleza kwenye ubao wa meli likapita juu ya mguu wake. Hospitali walimfunga mguu, wakasema atatembea, ila hatabeba tena. Kampuni ikasema ni uzembe wake, alikuwa amekunywa. Noko hakuwahi kuonja pombe, hata mvinyo wa misa alikuwa anaukunjia uso. Directeur akatoa amri: mguu ukipoa, Bolamba na watu wake waondoke mjini. Watoto wake walikuwa shule, mkubwa anakaribia kumaliza. Mke wake alianza kufunga vyombo akilia, anafunga na kufungua, kama mtu asiyejua pa kuanzia.

Nilikwenda kwa Papa Lokangu nikamwomba tupige. Alikataa.

"Lokole ni ya kampuni. Tukipiga mambo ya famille, kesho miye na weye na Noko yako tuko wote mu mutumbwi."

Alikuwa na watoto wengi na aliogopa, na sikumlaumu, ingawa kwa siku hiyo nilimchukia. Alfajiri nilichukua fimbo mwenyewe. Ukungu ulikuwa mzito. Nikapiga kwa hasira, ile sheria nikaivunja: watu mnaorudi nyuma kumwinua aliyeanguka njiani, njooni, mtoto wa Yanonge ameanguka, yupo ufukoni penye nyumba za chuma zinazopanda mto. Nikarudia, nikarudia. Mara nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Papa Lokangu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Nikadhani atanipokonya fimbo. Akasema kwa sauti ya chini, "Rudilia ile ya mwisho. Umeivunja." Nikairudia, polepole, mpaka akaitikia kwa kichwa.

Alphonse alikuwa wa kwanza kufika. Alikuja mbio, viatu vimelowa umande, na nilipomwona moyo wangu ulitulia. Noko alikuwa ameketi juu ya kamba za meli, mguu umenyooshwa mbele, mimi nilikuwa nimemsaidia kuteremka ili wanaokuja wamwone. Alphonse akamtazama, akanitazama.

"Kumbe ni Bolamba," akasema. "Alors iko problème."

"Problème gani?"

"Bolamba iko na carte ya Gaspard. Siye tukimuinua, bale batasema tunabaiba batu. Itakuwa vita. Gaspard amuinue."

Nikamwambia, "Monsieur Alphonse, ile sentensi uliitoa wewe. Ulikaa palepale juu ya mtumbwi." Uso wake ulionyesha anaona haya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alijua. Nikakimbia ofisini kwa Gaspard. Naye hakuwa mbaya, alisimama mara moja, akauliza hali ya mguu. Kisha akakaa tena.

"Lokole imeita ba-libéral," akasema. "Jina ni yao, balikataa kutupatia. Bon, baende basi. Tuone."

Nikarudi ufukoni. Nikaketi kando ya Noko juu ya kamba. Watu wawili wenye heshima, wenye kadi mfukoni na maneno mazuri kinywani, na kati yao mtu amekaa chini na kila mmoja anamwonyesha kwa mwenzake. Nimezeeka, nimezika wengi, lakini asubuhi ile sijaizika.

Basi jua likapanda, ukungu ukainuka, nikaona mitumbwi.

Ilikuwa inatoka chini, kutoka kambi za wavuvi, kwanza michache, halafu mingine nyuma yake. Mbele alisimama Mama Tereza, mwanamke wa Yanonge, mfanyabiashara wa samaki, ndiye aliyekuwa anaiuzia kampuni samaki wa posho ya wafanyakazi na mabaharia. Mtumbwi wake ulikuwa umejaa vikapu. Alishuka majini mpaka magotini bila kungoja wamvute.

"Ni nani alianguka?" akauliza, bila salamu.

Nikamwonyesha Noko. Alphonse, ambaye bado alikuwepo, akamsogelea kwa upole. "Mama, pardon. Lokole haikuita ninyi. Ilikuwa inaita chama yetu."

"Chama gani?" Mama Tereza akamtazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali. "Siye tulisikia batu banarudiaka nyuma. Tulikuwa tunashuka na samaki ya soko ya chini. Tukarudi nyuma."

Mnaelewa? Hawakuwa na kadi. Hawakujua kwamba sentensi ile ni mali ya kikundi fulani chenye katibu na mweka hazina. Waliisikia mtoni, wakadhani ni wao wanaoitwa, wakageuza mitumbwi. Lilikuwa kosa, kama mtapenda kuliita kosa. Wengine waliendelea kufika mpaka kesho yake, hata waliotoka Yanonge penyewe, wamepiga kasia dhidi ya maji, na kila anayefika anauliza swali lilelile, ni nani alianguka, kisha anakaa.

Walikaa na samaki wao. Mpishi wa kampuni alipokuja na vikapu vitupu, Mama Tereza alimwambia samaki hawauzwi. Hakupiga kelele. Alisema tu samaki wamechoka, wanapumzika. Mchana wabebaji walipewa wali mtupu, wakautazama, nao wakakaa chini pembeni ya mitumbwi. Meli ilikuwa inangoja mzigo. Kesho yake Directeur aliteremka mwenyewe, shingo nyekundu, akamwita Gaspard atafsiri.

Swali lake la kwanza lilikuwa: ninyi ni wa chama gani? Gaspard akalitafsiri kwa sauti iliyopungua, "Anauliza muko batu ba nani."

"Batu ba samaki," akasema Mama Tereza. "Mwambie ainue huyu mutu, tuuzishe."

Directeur alitishia polisi. Hakuna aliyesimama. Alipiga hesabu zake kichwani, meli, mzigo, matumbo ya watu wake, nasi tulimwona akizipiga. Kabla jua halijazama Bolamba alikuwa mlinzi wa geti, nyumba yake kambini ni yake, watoto wanabaki shule. Mama Tereza alingoja mpaka aliposikia kwa kinywa cha Directeur mwenyewe, halafu akafunua vikapu, na nakumbuka alimpunja mpishi siku hiyo, kwa adhabu.

Mnajua kilichofuata? Siku ya posho kikundi cha Alphonse kilifanya sherehe. Alphonse alisimama akasema mawazo ya kilibéral yameshinda, kwa kuwa sentensi ilikuwa yao. Mtaa wa pili Gaspard naye alifanya sherehe, masanga, pombe yetu, yanamwagika, akasema ushindi ni wa kisocialiste, maana aliyeinuliwa ana kadi yao. Watu wa samaki walikuwa wamekwisha kwenda zao, hakuna aliyewaalika. Papa Lokangu tangu siku ile alikataa kupiga sentensi ile kwa ajili ya kikundi chochote. Alphonse alipokuja kuidai alimwambia imehamia mtoni.

Mwisho wa miaka ile vilikuja vyama vyenyewe, vya uhuru, na mji ukapata joto. Maneno libéral na socialiste yalitupwa kama makopo, nikasikia majina mapya, na nikawaona Alphonse na Gaspard kila mmoja kwenye jukwaa lake, na nywele zao zimeanza mvi. Waliyoyasema juu ya uhuru yalikuwa mazuri, nami nilipiga makofi, kwa sababu uhuru tuliutaka kweli, na anayewaambia kwamba hatukuutaka ni mwongo. Lakini kila mmoja wao katika hotuba yake alimtaja Bolamba. Kila mmoja alisema, sisi ndio tuliomwinua.

Jumapili moja walikuja wote wawili kumchukua Noko akasimame nao mbele ya watu, na kwa bahati mbaya yao walifika kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi na Noko pale getini, tunakula karanga. Walisimama huku na huku, viatu vinang'aa, hawatazamani.

"Bolamba," akasema Alphonse, "ukuje useme tu ukweli. Ni mawazo yetu iliokoa weye."

"Ulikuwa na carte yetu," akasema Gaspard. "Hiyo batu yote banajua."

Noko alimaliza karanga iliyokuwa mdomoni. Akajishika ukutani akasimama juu ya mguu ule mbovu. Aliwasogelea karibu sana, mmoja kisha mwingine, akavuta pumzi kwa pua.

"Bale baliniinua," akasema, "balikuwa bananuka samaki. Ninyi muko munanuka sabuni."

Kisha akawafungulia geti wote wawili, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.